Sandow: Baba wa mabaunsa aliyetoka kwenye vyuma akaingia maji ya baridi

KAMA umewahi kuzubaa karibu na vyumba vya kubadilishia nguo baada ya mechi, umeliona lile pipa. Mara nyingi ni la plastiki, la bluu, limekatwa juu na kujazwa maji na mabonge ya barafu. Mchezaji anatumbukia mpaka kiunoni, meno yanagongana, wenzake wanamhesabia dakika huku wakimcheka.

Nilikuwa nadhani haya ni mambo ya juzi, yameletwa na makocha wa kigeni na video za mastaa wa Ulaya. Kumbe zaidi ya miaka 120 iliyopita kulikuwa na jamaa mmoja London aliyekuwa akiwafundisha watu kwamba wakimaliza mazoezi ya vyuma waende moja kwa moja kwenye maji ya baridi, jasho likiwa bado linawatiririka.

Anaitwa Eugen Sandow. Kila baunsa unayemwona mtaani amejaza kifua, awe anamjua au hamjui, anamfuata yeye.

Nilianza kumfuatilia kwa sababu ya winga mmoja wa madaraja ya chini hapa Dar es Salaam. Dogo ana mbio, ana chenga, lakini beki akimgusa bega tu anakwenda chini. Akaambiwa aongeze mwili. Kipindi cha maandalizi ya msimu akawa anaingia jimu mara nne kwa wiki, na kila akitoka anakatiza kwa mama anayeuza barafu, ananunua mifuko kadhaa, anajaza pipa nyumbani na kukaa humo. Nauli ya siku ilikuwa inaishia kwenye barafu, anarudi kwa miguu.

Miezi mitatu ikapita. Maumivu hana, mwepesi kama kawaida, lakini mapaja ni yaleyale. Alijilaumu kwamba hali vizuri. Huenda ni kweli, ugali na dagaa wa kupimiwa una mwisho wake. Ila na lile pipa nalo lina kesi ya kujibu.

MTORO WA JESHI

Sandow alizaliwa Aprili 2, 1867 katika mji wa Königsberg, Prusia. Leo mji huo unaitwa Kaliningrad na uko Urusi. Jina alilopewa na wazazi wake ni Friedrich Wilhelm Müller. Hilo la Sandow alijipa mwenyewe alipoingia kwenye kazi ya maonyesho.

Mwaka 1885, akiwa na miaka 18, aliondoka kwao kukwepa kuitwa jeshini. Akaingia kwenye sarakasi, akawa mwanasarakasi wa kuruka na kupinduka. Maisha ya sarakasi unayajua: leo mnakula, kesho kundi limefilisika mko barabarani.

Huko Brussels ndiko alikokutana na mtu aliyembadilisha, Ludwig Durlacher, aliyejiita Profesa Attila. Huyu alikuwa mwalimu wa vyuma. Alimwona kijana ana umbo zuri na nidhamu, akamweka kwenye uzito wa kweli, vyuma vinavyoongezwa kidogokidogo kadiri misuli inavyozoea. Hiyo kanuni ya kuongeza uzito taratibu ndiyo mpaka leo inayotumika kwenye kila jimu yenye mwalimu anayejua kazi yake.

Baadaye akawa Italia. Mchoraji Aubrey Hunt alimwona ufukweni Lido, karibu na Venice, akamchora akiwa amevaa kama mpiganaji wa Roma ya kale. Sandow mwenyewe alipenda kusimulia kwamba utotoni baba yake alimpeleka Italia, akaona sanamu za kale na kuapa kuwa na mwili ule. Mimi hadithi hiyo naichukua nusunusu. Mtu wa maonyesho anajua kutengeneza mwanzo mzuri.

USIKU WA LONDON

Jina lake lililipuka mwaka 1889. London kulikuwa na mnyanyua vyuma aliyejiita Sampson, akijitangaza kuwa hakuna mwenye nguvu kama yeye duniani. Kila usiku pale Royal Aquarium, Westminster, alitoa changamoto: atakayemshinda mwanafunzi wake, aliyeitwa Cyclops, anapata pauni 100, na atakayemshinda yeye mwenyewe anapata pauni 500. Kwa wakati ule hizo ni hela za kujengea nyumba.

Attila akamwambia Sandow njoo. Sandow akaenda, akapanda jukwaani akiwa amevaa suti ya jioni na miwani ya jicho moja. Watu wakaangua kicheko. Ukimwona ndani ya suti alikuwa anaonekana mtu wa kawaida tu, tena mfupi kiasi. Akaivua suti, na ukumbi ukanyamaza.

Alianza na Cyclops, akamshinda. Siku chache baadaye, Novemba 2, 1889, akamshinda na Sampson mwenyewe, akarudia kila alichofanya mwenzake na kuongeza vya kwake. Kuanzia usiku ule London ilikuwa yake.

Mwaka 1893 akavuka kwenda Marekani. Kule Chicago, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia, akaangukia mikononi mwa promota kijana, Florenz Ziegfeld. Promota huyu aligundua kitu ambacho Sandow alikuwa nacho na wengine hawakuwa nacho: watu walitaka kuutazama mwili wake kuliko kuona uzito anaonyanyua. Basi wakapunguza vyuma, wakaongeza mapozi. Akapakwa unga mweupe afanane na sanamu ya mawe, akasimama kwenye mwanga, akakaza msuli mmojammoja. Ukitaka kujua mashindano ya kutunisha misuli yalianzia wapi, anzia hapo.

Mwaka 1894 alipigwa picha za kujongea kwenye studio ya Thomas Edison huko New Jersey. Filamu hiyo ipo hadi leo, fupi mno, unamwona anageuka na kukunja mkono. Mwaka huohuo San Francisco alipanda ulingoni kupigana na simba. Simba mwenyewe alikuwa amefungwa mdomo na kuvalishwa soksi za kuficha kucha, na hakuonyesha hamu yoyote ya kupigana. Watu walirudi nyumbani wamenuna. Hata mastaa wakubwa wana mechi zao za kusahau.

DAMBELI NDOGO, MAJI BARIDI

Sasa tuje kwenye kilichonileta. Mwaka 1897 Sandow alifungua taasisi yake ya mazoezi mtaa wa St James's, London, na mwaka huohuo kikatoka kitabu chake, Strength and How to Obtain It, cha kufundisha namna ya kupata nguvu. Mwaka uliofuata akaanzisha jarida. Makarani, wanajeshi, wanafunzi na watu waliokuwa wakikaa kwenye viti siku nzima wakawa wanafunzi wake. Waliokuwa mbali walifundishwa kwa posta.

Mpango wake wa mazoezi ulikuwa wa kila siku, na vyuma vilikuwa vyepesi. Hilo wengi hawalijui. Yeye jukwaani alinyanyua vyuma vya kutisha, lakini mwanafunzi alipewa dambeli ndogo za mkononi na kuambiwa akaze msuli kwa akili yake yote, arudie mara nyingi. Baadaye aliuza hata dambeli zenye springi katikati ambazo unazibana huku unafanya zoezi.

Baada ya zoezi, maji. Na alitaka yawe ya baridi, msimu wowote, na uyaingie mwili ukiwa bado wa moto. Siku zile wazazi waliwaonya watoto wasiguse maji baridi wakiwa na jasho (bibi yangu mpaka leo ana onyo hilohilo), lakini Sandow alisema hakuna shida, mwili uliochemka kwa mazoezi ndio hasa unaostahili maji hayo.

Hakuyabuni yeye. Kwenye nchi zinazosema Kijerumani tiba ya maji baridi ilikuwa na jina kubwa. Padri Sebastian Kneipp wa Bavaria alikuwa ametoa kitabu chake cha tiba ya maji mwaka 1886 na kikasomwa sana. Sandow alichofanya ni kuchukua desturi hiyo na kuibandika kwenye mazoezi ya vyuma, halafu kuipa sura ya mtu ambaye kila kijana alitaka kufanana naye.

Lakini soma vizuri alichokuwa akifundisha. Hakumwambia mtu akae kwenye maji. Ni kuzama na kutoka, jambo la sekunde, basi, uvae nguo uende kazini. Aliona faida yake ni kuuchangamsha mwili, kuusafisha na kuuzoesha baridi. Maumivu ya misuli ya kesho yake hayakuwa hoja kubwa kwake, na kwa dambeli zile nyepesi za kila siku, nadhani wanafunzi wake hawakuwa wanaumia kiasi cha mtu anayechuchumaa na kilo 100 mabegani.

Hapo ndipo sisi tulipoachana naye. Tumechukua maji yake, tukaacha sekunde zake. Siku hizi mchezaji anakaa dakika 10 mpaka 15, maji yakiwa nyuzi 10 hadi 15 hivi, tena baada ya vyuma vizito. Hilo ni zoezi jingine kabisa, na linaupa mwili ujumbe mwingine.

MAJI YANAFANYA NINI

Mwili ukizama kwenye baridi kali, mishipa midogo ya damu chini ya ngozi na kwenye misuli inasinyaa. Damu inapungua pale, uvimbe unapungua, na neva zinazobeba taarifa za maumivu zinakuwa kama zimepigwa ganzi. Ndiyo maana mtu akitoka kwenye pipa anahisi miguu mipya.

Hilo la maumivu si uongo wa makocha. Mwaka 2012 wataalamu walikusanya tafiti ndogo 17 zenye washiriki 366, wakaona waliokaa kwenye maji baridi baada ya mazoezi waliumia misuli kidogo kuliko waliopumzika tu, kuanzia siku ya kwanza mpaka ya nne. Kwa timu inayocheza Jumatano na Jumamosi, hiyo ni faida ya kweli. Mchua misuli wa timu yoyote atakwambia.

Shida inakuja kwa mtu anayejenga mwili. Ukinyanyua vyuma vizito, nyuzi za misuli zinasumbuliwa. Mwili unatuma fundi: damu inaleta chakula, seli za akiba zilizolala pembeni ya nyuzi zinaamka, protini mpya inapangwa. Ule uvimbe kidogo na lile joto unalolisikia usiku ni kelele za mafundi wakiwa kazini. Sasa wewe unawamwagia barafu.

Mwaka 2015 watafiti wa Australia walichapisha walichokiona kwa wanaume 21 waliofanya mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki kwa wiki 12. Kundi moja baada ya mazoezi lilikaa dakika 10 kwenye maji ya nyuzi 10. Jingine lilipiga baiskeli taratibu. Wale wa baiskeli, nyuzi zao za misuli zile za mbio na nguvu zilinenepa kwa asilimia 17 na kazi ambayo mguu uliweza kufanya ikaongezeka kwa asilimia 19. Wale wa maji baridi hawakupata ongezeko la maana kwenye vipimo hivyo viwili. Walipochunguza vipande vidogo vya misuli, waliona ishara za kuanza ujenzi zilikuwa zimefifia kwa waliokaa kwenye baridi, na hali hiyo ilionekana hadi siku mbili baada ya zoezi.

Mwaka 2020 wengine wa Uholanzi wakafanya kitu kizuri zaidi: mtu yuleyule, mguu mmoja kwenye maji ya nyuzi 8, mwingine kwenye maji ya nyuzi 30. Mguu uliopoozwa ulitumia kidogo protini aliyokula mtu huyo kujengea misuli. Chakula kimoja, mwili mmoja, tofauti ni maji tu.

Nilipomsomea winga wetu habari hizi alikaa kimya, kisha akaanza kupiga hesabu ya hela ya barafu. Nikamwambia pipa asilivunje. Ligi ikianza, mechi zikibanana, atalihitaji. Wakati wa kuongeza mwili ndio anapaswa kuliacha, atembee au apige baiskeli taratibu, ale, alale. Na siku akitaka kuoga maji ya baridi ya kawaida baada ya jimu, aoge. Maji ya simtanki la Dar saa tisa mchana hayajawahi kumzuia mtu kukua.

Kitu kimoja ambacho Sandow alikipitisha kirahisi mno ni moyo. Kuingia ghafla kwenye maji ya baridi kali kunakukata pumzi, mapigo ya moyo yanapanda na shinikizo la damu linaruka. Kwa kijana mzima ni mshtuko wa muda. Kwa mwenye tatizo la moyo asilolijua ni habari nyingine, na kwenye timu zetu ndogo wachezaji wengi hawajawahi kupimwa moyo hata siku moja.

ALBERT HALL

Tumrudie mwenyewe. Septemba 14, 1901 Sandow aliandaa shindano kubwa la miili pale Royal Albert Hall, London. Washiriki walichujwa kutoka mikoa mbalimbali ya Uingereza. Majaji walikuwa yeye, mchonga sanamu Sir Charles Lawes, na Arthur Conan Doyle, yule mwandishi wa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes. Mshindi alikuwa William Murray wa Nottingham, akapewa sanamu ya dhahabu ya Sandow.

Kilichonivutia ni vigezo. Alisisitiza kwamba mwenye misuli mikubwa kuliko wote si lazima awe mshindi. Walitazama uwiano wa mwili, afya, ngozi, namna misuli ilivyokaa sawa. Ukimsoma kwa jicho hilo unaelewa kwa nini maji ya baridi hayakumpa wasiwasi. Hakuwa akihesabu kila sentimita ya paja. Alitaka karani anayekohoa asimame wima.

Kati ya 1902 na 1905 alizunguka dunia: Australia, New Zealand, Afrika Kusini, India. Mwaka 1906 akawa raia wa Uingereza. Mwaka 1911 Mfalme George V akampa cheo cha mwalimu wake wa mazoezi ya mwili ya kisayansi. Mtoro wa jeshi la Prusia, kijana wa sarakasi, amefika ikulu.

Biashara ndiyo iliyomwangusha. Alikuwa anauza kila kitu, dambeli, mikanda ya kuvuta, mpaka kakao yenye jina lake. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, mtu aliyezaliwa Prusia hakuwa na soko zuri London, pasipoti ya Kiingereza au bila pasipoti. Kampuni ya kakao ilianguka mwaka 1916 na utajiri mwingi ukaenda nayo.

Alifariki Oktoba 14, 1925, akiwa na miaka 58. Habari iliyosambaa ni kwamba mshipa ulipasuka kichwani baada ya kulinyanyua peke yake gari lililotumbukia mtaroni. Wapo walioandika maisha yake wanaosema ilikuwa ni mshipa mkubwa wa damu unaotoka kwenye moyo. Hadithi ya gari inamfaa zaidi mtu wa jukwaani, na labda ndiyo maana imedumu.

Mkewe, Blanche, aliagiza azikwe bila alama yoyote. Ndoa yao ilikuwa na yake. Kwa hiyo kwa miaka mingi mtu ambaye picha zake zilikuwa zimetundikwa vyumbani kwa vijana wa nusu ya dunia alilala kwenye makaburi ya Putney Vale, London, bila hata jiwe. Jiwe la kwanza liliwekwa mwaka 2002 na mtu aliyemheshimu. Mwaka 2008 likaja jingine kubwa, la rangi ya waridi, limeandikwa SANDOW, lililoletwa na mtu wa uzao wake.

Lakini sanamu yake ndogo inatembea. Tangu mwaka 1977 anayeshinda Mr. Olympia, shindano kubwa kuliko yote la kutunisha misuli, anakabidhiwa sanamu ya Sandow akiwa ameshika chuma chake. Ronnie Coleman wa Marekani aliibeba mara nane mfululizo, kuanzia 1998 hadi 2005. Ukiiangalia sanamu hiyo mkononi mwa Coleman, Sandow anaonekana mwembamba kama winga wa madaraja ya chini.